Jua Linaingia Saa Ngapi?

Nyumbani, 4 Machi

Mume wangu Macho Manne,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tunaendelea, ila goti langu la kushoto limerudia ubishi wake: mimi nikitaka kupanda, lenyewe linataka tukae. Shangazi yako anakusalimu. Kila jioni akitoka kwenye ofisi yake ya shule anapitia hapa kuhesabu vigae vilivyopasuka juu ya paa langu, kisha anashusha pumzi ili nimsikie. Paka kazaa watatu ndani ya kabati la vyombo, kwa hiyo tunakula kwenye sahani mbili tu mpaka wafumbue macho. Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, ameikalia miwani yake tena. Safari hii kaifunga kwa uzi mweusi. Akigeuza shingo haraka, miwani inabaki inatazama alikotoka.

Sasa neno lenyewe. Ile barua yako ya mwaka mpya, Shangazi yako ameisoma kwa sauti mara mbili. Kwamba umekuwa msimamizi kwenye duka la miwani, umepanga nyumba yenye baraza pana, na kwenye hilo baraza kiti changu kimeshawekwa. Tangu siku hiyo hanipi raha: "Mama, uza nyumba hii kabla haijakuangukia, uende ukatunzwe na mjukuu wako." Mnunuzi tayari amempata, ni mwenye duka la mbao hapo njia panda.

Nikamwambia, miaka arobaini na mmoja nimekaa hapa, sihami kwa maneno ya karatasi. Nimetoa sharti moja. Humu ndani ya bahasha kuna mbegu kumi na mbili za nyanya zangu. Zipande barazani kwako. Zikizaa, nauza, nakuja na paka na wanawe. Mimi na nyanya tunapenda vitu vilevile: mwanga, hewa, na mtu wa kutuuliza tumeamkaje. Mahali ambapo nyanya haikai, na mimi sikai.

Na usinijibu kwa simu ya Shangazi yako. Simu inasema haraka halafu inasahau. Barua naisoma leo, naisoma kesho, na kesho kutwa ndipo naona ulichokiruka.

Mkeo mkubwa,
Bibi

*

20 Aprili

Shikamoo Bibi, mke wangu mkubwa na wa pekee,

Mimi mzima kabisa. Kazi ni nyingi. Juzi mzee mmoja alikuja na hasira kuripoti kwamba miwani yake imeibiwa, akataka nimtengenezee nyingine siku hiyohiyo. Nilipima macho ya watu wawili na kukaza skrubu za fremu nne kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba iko juu ya kichwa chake. Msalimie Shangazi. Mwambie Mwalimu asiifunge miwani kwa uzi wa pamba, unanyonya jasho. Uzi wa nailoni ni bora.

Mbegu zako nimezipanda kwenye mikebe ya rangi niliyoitoboa chini. Kati ya kumi na mbili, zimeota tisa. Nilifurahi mpaka nikaziambia asante.

Ila kuna jambo. Majani yamepauka, Bibi. Si ya njano, wala si ya kijani. Ni rangi ya mtu aliyeambiwa asubiri kwenye benchi la hospitali, kisha akasahauliwa. Kwa urefu siwezi kulalamika, yamekimbia juu kama yameitwa, lakini mashina ni membamba, nikikohoa yanatikisika. Nimeona nikuulize wewe bingwa kabla sijafanya makosa.

Baraza halijambo. Kiti chako kipo.

Mumeo,
Macho Manne

*

Nyumbani, 2 Mei

Marahaba, mume wangu.

Wana wa paka wamefumbua macho na sasa sahani zimerudi mezani. Mwalimu kasema asante kwa ushauri wa nailoni. Kaitafuta nailoni, kaipata, kaifunga, kisha kaikalia tena.

Nyanya hazisemi, zinaonyesha. Kwa hiyo nijibu haya, bila kuruka:

Yaliyopauka ni majani ya chini au ya juu? Yakiwa ya chini peke yake, udongo una njaa, zipe samadi iliyooza vizuri. Yakiwa ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani huku katikati pamepauka, kasoro iko kwenye maji au kwenye udongo wenyewe. Unamwagilia mara ngapi? Najua mikono yako. Ulipokuwa mdogo ulimnywesha maji kuku mpaka akajificha. Tia kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, kaa mbali.

Na la mwisho: jua linaingia saa ngapi hapo barazani, na linatoka saa ngapi?

Mche mzima ukipauka, juu na chini, na shina likarefuka bila kunenepa, hapo kuna jambo jingine. Hilo silisemi sasa.

Mnunuzi alipita kunisalimia. Ana adabu. Aliuliza kama ule ukuta mwembamba wa jikoni unaweza kuvunjwa. Nikamwambia auulize ukuta.

Bibi yako

*

19 Mei

Shikamoo Bibi,

Natumai goti limekubali kusuluhishwa. Mimi nina mafua kidogo tu, usimwambie Shangazi, ataniandikia orodha ya dawa.

Majibu: yamepauka yote, ya chini na ya juu. Mishipa nayo imepauka, haikubagua. Maji nilikuwa nazipa asubuhi na jioni, na mchana nikipata nafasi. Nimeacha. Kidole changu sasa kinakaa zaidi kwenye udongo kuliko kwenye kazi.

Samadi nimeipata kwa mfugaji mmoja, gunia zima, maana alikataa kuuza nusu. Alisema imeoza. Bibi, haikuwa imeoza, ilikuwa ndiyo kwanza inajiandaa. Siku ya pili Tajiri wangu alisimama mlangoni akavuta pua, akasema hata fremu za miwani zinanuka zizi. Mteja mmoja alijaribu miwani ya jua, akaivua, akainusa, akaniuliza kama ni ya ngozi. Nilisema ndiyo.

Miche miwili imekufa. Imebaki saba. Hiyo saba imeinama yote upande mmoja, kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, nilitaka kulijibu kwa kirefu lakini karatasi ndiyo hii inaisha.

Mumeo

*

Nyumbani, 1 Juni

Mume wangu,

Karatasi yako niliigeuza. Nyuma ilikuwa tupu.

Hatujambo. Mtoto mmoja wa paka kachukuliwa na fundi cherehani wa barabara ya pili, yule anayetunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa kwa sababu macho hayamsaidii tena. Anasema paka atamwokotea pini.

Nimekaa nikafikiri juu ya baraza lako. Baraza ambamo fremu za miwani zinahifadhiwa. Baraza lenye mlango ambapo Tajiri anasimama. Huko mbali kuna mambo, mimi nitajuaje? Labda mabaraza ya huko ndivyo yalivyo.

Na hiyo miche inainama upande gani? Nyanya haisikilizi ugomvi, mume wangu. Nyanya inainama kwa kuomba.

Mnunuzi alikuja na futi yake ya kupimia. Kapima chumba cha mbele, cha kati, changu, na jikoni. Shangazi yako alikuwa anamshikia ncha ya futi huku ananitazama kwa huruma, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nashona foronya ya mto. Ni ya kile kiti ulichoniwekea. Nimetumia kile kitambaa cha maua ya buluu nilichokuwa nakitunza.

Nitumie jani moja. Litie katikati ya karatasi mbili, lisipondeke. Nataka kuliona.

Na nijibu: jua linaingia saa ngapi?

Bibi

*

30 Juni

Shikamoo Bibi,

Naandika kwa haraka. Mzima. Kazi nyingi.

Habari njema! Mambo yamegeuka ghafla. Majani yamekolea kijani, nene, yana afya ya kupita kiasi. Nafikiri ilikuwa samadi ilichelewa kufanya kazi. Jani lako hili hapa ndani, ujionee mwenyewe.

Jua linaingia vizuri tu.

Macho Manne

*

Nyumbani, 11 Julai

Mume wangu mpendwa,

Nilifungua bahasha yako mbele ya Mwalimu na fundi cherehani, maana nilikuwa nimeshatangaza kwamba jani linakuja. Tuliliweka mezani. Mwalimu akaliangalia kwa jicho lililoko nyuma ya kioo kizima. Fundi cherehani, ambaye haoni vizuri, yeye akalichukua, akalisugua kwa kidole, akanusa. Jani la nyanya ukilisugua, harufu yake inakaa mkononi mpaka unawe. Kanusa mara ya pili, kanipa na mimi nikanusa.

Pokea pongezi zetu sote watatu. Nyanya zako zimezaa viazi mviringo.

Hilo ni jani la kiazi, mume wangu. Nimepanda nyanya kabla baba yako hajazaliwa. Jani la kiazi nalijua hata likija limevaa kanzu. Tumecheka, Mwalimu kacheka mpaka uzi ukakatika. Baadaye wenzangu walipoondoka nikalitazama peke yangu, na sikucheka tena.

Mnunuzi anakuja tarehe 5 Agosti, na karatasi za kutia saini. Shangazi yako keshamwalika na mjumbe wa mtaa awe shahidi. Si mtu mbaya Shangazi yako, usimchukie. Mvua ikinyesha halali, ananifikiria mimi na paa hili.

Sikuulizi tena juu ya samadi wala maji. Nakuuliza lile moja, mara ya tatu, na sitauliza ya nne.

Bibi

*

28 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Baraza halipo. Halikuwepo hata siku moja. Nalala kwenye stoo nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya fremu, na Tajiri ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa mbele. Kuna dirisha moja. Mbele yake, hatua mbili tu, kuna ukuta wa kiwanda cha mikate. Jua haliingii saa moja, haliingii saa sita, haliingii saa kumi. Nimekujibu.

Na usimamizi haupo. Napima macho, nakaza skrubu na kusaga kingo za lenzi, kama siku niliyofika.

Mwaka mpya nilikaa kwenye boksi nikuandikie. Niliangalia huku na huku nikakosa cha kukuandikia ambacho kisingekutia huzuni, basi nikaandika baraza. Baraza lilipoonekana tupu, nikaweka kiti. Na kiti kilipokuwa kitupu, nikakuweka wewe. Nilikukumbuka, Bibi, ndiyo sababu yenyewe. Sikufikiri kama kuna mtu atauza nyumba kwa ajili ya kiti changu cha kwenye karatasi.

Lile jani nililikuta nyuma ya kiwanda, mlinzi ana kijishamba chake kando ya ukuta, upande ule wenye jua. Nikaona linafanana. Mimi ni mtu wa kupima macho ya wengine.

Nilimpigia Shangazi simu ili asimamishe mambo. Alipopokea, nikamwuliza habari za paka. Akanieleza kwa kirefu. Nikasema asante, nikakata. Nimeshindwa, Bibi. Wewe naweza kukuambia kwa sababu sitauona uso wako ukisoma.

Miche imebaki mitatu. Nimekutilia humu jani lake la kweli. Limepauka hivyohivyo unavyoliona, halina hila.

Usiuze nyumba. Nakuomba, usiuze. Kama barua hii itachelewa, sijui nitafanya nini.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 9 Agosti

Mume wangu,

Barua yako imechelewa. Ilifika tarehe 7. Mnunuzi alikuja tarehe 5 kama alivyosema, saa nne kamili, na kalamu mbili mfukoni, moja ikigoma.

Kaa chini kwanza. Sijui unakaa wapi, kaa kwenye boksi.

Tulikuwa wanne mezani: mimi, Shangazi yako, mnunuzi na mjumbe. Karatasi zilitandikwa. Mimi nikaenda kabatini nikatoa lile jani la kiazi, lilikuwa limekauka sasa, nikaliweka juu ya karatasi zao. Shangazi yako akasema, "Mama, hilo ni jani tu." Nikamwambia, "Ni jani la kiazi, na mjukuu wangu ameniandikia kwamba ni la nyanya. Nimemlea kwenye bustani ile pale nje. Mtoto huyo hawezi kukosea jani hivyo isipokuwa amebanwa. Na mtu aliyebanwa hana baraza."

Mnunuzi akalichukua jani, akaligeuza, akasema kwamba mama yake alikuwa akilima viazi, na hili kweli ni la kiazi. Kisha akakunja karatasi zake. Nimekuambia ana adabu. Mjumbe alikuwa ameshamaliza chai, akauliza kama bado anahitajika.

Shangazi yako alininunia siku mbili. Jana kaja na fundi wa paa, kasimama chini anamwelekeza kigae kimojakimoja kwa kidole. Amekusalimu, na amesema siku nyingine ukitaka habari za paka useme mapema, alikuwa jikoni na chakula kiliungua.

Sasa wewe. Nimeumia, Macho Manne. Barua zako nilizichekea, na nitazichekea tena, lakini nimeumia na sitakuficha. Foronya ya maua ya buluu nilishaimaliza. Vikombe nilishavifunga kwenye magazeti na kuvipanga kwenye sanduku, na hilo sikumwambia mtu, wala wewe. Nilimwonyesha Shangazi yako ukaidi mchana kutwa, kisha nikibaki peke yangu nafunga vikombe. Nilikuwa nakuja. Hata zile nyanya zingezaa moja tu yenye ukubwa wa kifungo, ningekuja. Sharti lile nililiweka nipate kisingizio.

Ulivyoniandikia mara ya kwanza tu, mche mzima umepauka na shina limekimbia juu, nilijua, ila nilitamani niwe nimekosea. Mche haukimbii kwa furaha. Unakimbia kutafuta jua, na unapokimbia hivyo unatumia kila ulichonacho. Nilikuuliza mara tatu nikitaka ukiri mwenyewe, kwa sababu ningekisema mimi ungenijengea baraza la pili.

Jani lako la kweli nimeliweka ndani ya kitabu changu. Ni baya sana. Nalipenda kuliko lile la kiazi.

Haya, sikiliza. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja na nusu, hiyo nusu ni goti. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, nimekifagia. Kina meza, kina dirisha lenye mbao mbili, na mlango wake wenyewe. Mnunuzi aliniachia vipimo, ndivyo hivi nyuma ya karatasi, nawe usisahau kuigeuza. Mtaa huu mtu akivunja miwani anasafiri siku nzima, au anafanya kama Mwalimu. Nimepita nyumba kwa nyumba kuhesabu. Kuna watu kumi na tisa wanaofunga kwa uzi, wanne wanaofunga kwa gundi ya viatu, na fundi cherehani anayepapasa. Amesema ukimrudishia tundu la sindano atakushonea pazia la duka.

Miche mitatu njoo nayo, usiitupe. Ukifika usiitoe juani siku hiyohiyo, itaungua. Saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, taratibu mpaka izoee. Na wewe nitakufanya hivyohivyo, sitakuuliza maswali yote kwa mpigo.

Vikombe nimevitoa kwenye magazeti. Foronya nimeitia mto, na mto nimeuweka kwenye kiti, na kiti kiko barazani. Langu mimi lipo, waweza kumwuliza mjumbe.

Na lile swali, kwa kuwa wewe lilikushinda miezi mitatu, acha nijijibu mwenyewe. Chumba cha mbele, jua linaingia saa moja na robo asubuhi, linakaa juu ya meza mpaka saa sita, kisha linahamia kitandani, na linatoka saa kumi na moja kasoro. Nimekaa humo siku tatu na saa ya ukutani mapajani, nikiliandika.

Mkeo,
Bibi